Pinotage: Maswali Ninayoulizwa Kaunta

Nauza mvinyo Dar es Salaam, nyuma ya kaunta yenye rafu nne na friji moja. Rafu ya pili kutoka juu ni ya Afrika Kusini, na hapo ndipo watu huiokota chupa ya Pinotage, wakaigeuza mgongo, wakaisoma, kisha wakanigeukia mimi. Maswali ni yaleyale wiki hadi wiki. Nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa, na katikati nimechomeka moja ambalo ni wachache wanaoliuliza, ingawa ndilo lingewaokolea hela kuliko yote: inywewe ikiwa na ubaridi kiasi gani?

Pinotage ni kampuni, ni mji, au ni nini?

Ni aina ya zabibu. Embe lina dodo, bolibo na sindano. Zabibu nazo zina aina zake, kila moja na ganda lake, sukari yake na harufu yake. Ndiyo maana utakuta chupa kumi za wazalishaji kumi, zote zimeandikwa Pinotage, na hakuna mbili zilizolingana kwa bei wala kwa ladha. Jina linakutajia zabibu, halikutajii mpishi.

Kuhusu kutamka, ondoa hofu. Hapa tunasema "Pinotaji" na hakuna aliyewahi kunyimwa chupa.

Ni zabibu ya Ufaransa?

Wazazi ndio Wafaransa. Mtoto kazaliwa Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925.

Aliyewaunganisha ni Abraham Izak Perold, profesa wa kilimo cha mizabibu katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Mzazi wa kwanza ni Pinot Noir, zabibu ya Burgundy, inayotoa mvinyo laini wenye harufu ya kupendeza, lakini yenye maringo shambani: jua likizidi inalalamika, ugonjwa ukipita inalala. Wa pili ni Cinsaut, zabibu ya kusini mwa Ufaransa, haina makuu, inavumilia joto na ukame, inazaa hadi matawi yanainama. Wakati huo Afrika Kusini Cinsaut waliiita Hermitage. Perold alichavusha ua la moja kwa chavua ya nyingine akapata mbegu nne. Nne tu. Wala hakuzipanda kwenye kituo cha utafiti. Alizipanda bustanini, kwenye nyumba ya chuo aliyokuwa akiishi, pale shamba la Welgevallen.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliacha chuo akaenda kufanya kazi KWV, ule ushirika mkubwa wa wakulima wa mvinyo wa Paarl. Nyumba ikabaki, bustani ikaota majani. Inasimuliwa kwamba chuo kilituma watu wa kufyeka, na kwamba mhadhiri kijana aitwaye Charlie Niehaus, aliyekuwa akipita na baiskeli, alikumbuka kuwa mle ndani kuna miche ya Perold. Akawahi. Miche ikahamishiwa Chuo cha Kilimo cha Elsenburg, mikononi mwa Profesa C. J. Theron, ambaye mwaka 1935 aliibebesha kwenye mashina ya mizabibu migumu zaidi. Panga moja tu siku ile, na rafu yangu ya pili leo ingekuwa na nafasi tupu.

Jina lilipatikana kwa kukata na kuunga: Pino ya Pinot, tage ya Hermitage. Lilikuwapo pendekezo jingine, Herminoir. Mshukuru aliyelikataa, maana sijui ningeliuzaje hapa.

Mvinyo wa kwanza wa zabibu hii ulitengenezwa Elsenburg mwaka 1941, mwaka uleule alioaga dunia Perold. Ilipofika 1959, Pinotage ya shamba la Bellevue ikawa bingwa wa maonyesho ya mvinyo mchanga kule Cape, na mvinyo wa mwaka huo ndio uliotiwa kwenye chupa za chapa ya Lanzerac zilizotoka 1961, za kwanza kuandikwa neno Pinotage kwenye lebo.

Kama ni ya zamani hivyo, mbona wazee wetu hawaijui?

Kwa sababu waliisusa, na walikuwa na haki. Miaka ya ubaguzi wa rangi Tanzania haikufanya biashara na Makaburu. Marehemu baba yangu hakuwahi kuonja mvinyo maishani, lakini dukani alikuwa akigeuza hata kopo la maharage kuona limetoka wapi. Likitoka huko, analirudisha rafuni huku anamwangalia mwenye duka.

Vikwazo vilianza kulegea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1991 Beyers Truter wa shamba la Kanonkop alitunukiwa huko London kuwa mtengenezaji bora wa mvinyo wa mwaka kwenye mashindano ya kimataifa, na Pinotage yake ndiyo iliyozungumzwa. Baada ya uchaguzi wa 1994 chupa zikaanza kupanda kuja kwetu. Leo Pinotage ni kama asilimia 7 ya mizabibu yote ya mvinyo Afrika Kusini. Kwa zabibu nyekundu inazidiwa na Cabernet Sauvignon na Shiraz. Si nyingi kama watu wanavyodhani. Ila hizo mbili zimejaa dunia nzima, na Pinotage nje ya Afrika Kusini utaikuta vipande vipande tu.

Nimesikia inanuka rangi ya kucha. Kweli?

Ilikuwa kweli, na kwa chupa za bei ya chini wakati mwingine bado ni kweli. Wataalamu wa mvinyo wa Uingereza waliotembelea Cape miaka ya 1970 waliiponda bila kumung'unya maneno, na sifa mbaya ikisafiri hairudi haraka.

Sababu yake inaeleweka. Pinotage huiva mapema, Februari hivi, kiangazi cha Cape kikiwa kileleni, na huiva ikiwa na sukari nyingi. Ukiiminya ukaiacha kwenye tangi lisilopozwa, hamira inakimbia, joto linapanda, na kunatengenezwa kitu kinachoitwa isoamili asetati. Ndicho hichohicho kinachoipa ndizi mbivu harufu yake. Kidogo, unasema mvinyo una utunda. Kikizidi, unajiona saluni.

Siku hizi zabibu huvunwa alfajiri, matangi yanapozwa, na maganda yanayoelea juu yanasukumwa chini mara kwa mara ili rangi itoke bila kulazimisha. Kanonkop wamebaki na matangi yao ya saruji yaliyo wazi juu, mtu anasimama na mti wake anasukuma maganda mchana na usiku. Ukionja chupa iliyofanyiwa hivyo, huelewi kelele zilitoka wapi.

Basi ladha yake ikoje?

Vitabu vimejaa matunda ya pori ya Ulaya ambayo wateja wangu wengi hawajawahi kuyatia mdomoni. Mimi nasema zambarau. Chukua zambarau iliyoiva mpaka inapasuka, itafune na ganda lake: kuna utamu, kuna uchachu kwa nyuma, halafu ulimi unakauka na unabaki na rangi. Pinotage nzuri inaishi humo. Ongeza moshi kidogo, kama nguo uliyovaa jana ukichoma mahindi, na kwenye zilizokaa pipani kuna mdalasini au kahawa.

Ule ukavu wa ulimi ni ukakasi. Unaujua kutoka kwenye bibo la korosho, ndizi mbichi, na chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Kwenye mvinyo hutokana na tanini za maganda na mbegu, na pia mbao za pipa. Si kasoro. Bila ukakasi mvinyo mwekundu unakuwa juisi iliyochangamka tu. Ukizidi hadi meno yanagoma kuteleza, ama mvinyo bado mchanga mno, ama umeupoza kupita kiasi, na hapo tunaingia kwenye lile swali langu.

Mvinyo mwekundu si hunywewa bila kuwekwa friji?

Hili ndilo kosa ninalolipiga vita, na najua si kosa la mtu mmoja. Chupa nyingi zinasema "joto la chumba" na watu wanatii. Chumba cha nani? Maneno hayo yalitoka Ulaya ya kale, nyumba za mawe, ambako sebuleni ni nyuzi 16 hadi 18 na mtu amevaa sweta. Chumba cha Dar mwezi wa pili kinapita nyuzi 30 na feni inazunguka. Huo si mvinyo wa joto la chumba tena, ni supu.

Mwaka jana alikuja mama mmoja, mtu wa kauli fupi, amebeba chupa iliyofunguliwa ndani ya mfuko wa rambo. Akaiweka kaunta. "Kaka, hii umeniuzia mbovu. Inanuka kiatu."

Nikampa pole, nikamimina vidole viwili kwenye glasi. Chupa ilikuwa ya moto mkononi, imetoka kwenye buti la gari. Kweli, ukinusa tu pombe inapanda puani kabla ya tunda, na nyuma yake kuna ngozi iliyoloa. Nikamwambia, "Mama, nipe robo saa." Nikachukua ndoo, nikatia barafu na maji, nikaizamisha chupa hadi shingoni. Yeye akakaa kwenye kiti cha plastiki akaanza kupiga simu zake. Robo saa ilipoisha nikaifuta, nikamimina glasi ya pili, nikaiweka kando ya ile ya kwanza bila kusema kitu.

Akanusa. Akanywa. Akaziangalia zote mbili. "Hii nyingine ndiyo ulitakiwa uniuzie. Bei gani?"

Ilibidi nimwonyeshe chupa.

Joto linaisukuma pombe mbele, tunda linaoza mdomoni, na harufu zote zisizopendeza zinasimama. Pinotage inaadhibiwa zaidi kwa sababu zile harufu za moshi na ngozi tayari imezaliwa nazo. Ubaridi mkali nao una ubaya wake: harufu inalala, ukakasi unaamka. Kwa hiyo nyepesi, changa, isiyopita pipani, inywewe kwenye nyuzi 13 hadi 15. Nzito iliyokaa pipani, 16 au 17.

Huna kipimajoto? Wala mimi situmii. Chupa ikitoka rafuni, iweke friji mpaka ipoe. Kama imelala friji usiku kucha, itoe nusu saa kabla ya kumimina. Ukiwa na haraka, ndoo yenye barafu na maji, si barafu peke yake, maana barafu tupu inaigusa chupa sehemu chache na maji yanaizunguka yote. Mkono ukiishika chupa unapaswa kusema "imepoa", usiseme "ya baridi". Na kama uko Lushoto au Mbeya mwezi wa saba, sahau yote niliyosema. Chumba chako ndicho hicho cha Ulaya.

Barafu ndani ya glasi? Nyumbani kwako fanya utakavyo. Ila ikiyeyuka unakunywa maji yenye kumbukumbu ya zabibu.

Ile Pinotage ya kahawa imetiwa kahawa?

Hapana. Hakuna hata punje. Mtindo huo ulianzia shamba la Diemersfontein, Wellington, mwaka 2001, kwa mkono wa Bertus Fourie. Wanatumia mbao za mwaloni zilizochomwa sana kwa moto, na mbao zikiungua kiasi hicho hutoa harufu ya kahawa na chokoleti ambayo mvinyo huinyonya. Ndivyo mkaa unavyoiachia nyama harufu bila wewe kuulamba mkaa.

Wajuzi wengi wanaidharau, wanasema imeifunika zabibu. Wako sahihi kwamba imeifunika. Lakini wengi walioanza nayo hapa kaunta miaka mitatu iliyopita sasa wananunua Pinotage isiyo na kahawa yoyote, na wasingeigusa kamwe kama mlango ule usingekuwepo. Mimi binafsi nainywa na keki ya chokoleti, na nyama siiwekei.

Niliyozoea ni tamu, hii mbona kavu?

Kwa sababu hamira imekula karibu sukari yote. Afrika Kusini mvinyo huruhusiwa kuitwa mkavu ukiwa na sukari isiyozidi gramu 5 kwa lita. Zile nyekundu tamu zinazopendwa sana kwenye sherehe zetu huwa zimeandikwa "Natural Sweet", na hizo zina zaidi ya gramu 20 kwa lita. Ni kinywaji kingine kabisa.

Kama unahama kutoka tamu, usianze na Pinotage ya pipani. Anza na changa ya mwaka mmoja au miwili, ipoze vizuri, na usiinywe tumbo tupu. Nyama yenye mafuta na chumvi inaulainisha ukakasi. Ukishaonja hivyo mara mbili tatu, ile tamu inaanza kukuchosha. Au haianzi, na hakuna ubaya. Sina kesi na mtu anayependa tamu.

Niile na nini?

Nyama choma. Huko kwao huliwa na choma yao waiitayo braai, na moshi wa nyama unakutana na moshi wa zabibu kama ndugu waliopotezana. Mbuzi wa kuchoma, mishikaki yenye mafuta, na kwa wanaokula, kitimoto rosti, ambayo kwangu inashinda zote.

Pilau ya nyama inafaa sana kwa sababu ya mdalasini, karafuu na bizari. Biriani pia, mradi rosti lake lisiwe na pilipili nyingi. Pilipili na pombe ya asilimia 14 vinachocheana. Kila mmoja anamfanya mwenzake aonekane mkali zaidi. Maharage ya nazi nilidhani hayatakubali, yakanishangaza.

Samaki kwa ujumla achana nao. Changu wa kukaanga na mvinyo wenye ukakasi unabaki na ladha ya msumari ulimini. Jodari wa kuchomwa makaa ndiye pekee ninayemruhusu, na hapo Pinotage iwe nyepesi na imepoa kwelikweli.

Kwenye lebo nisome nini?

Neno Pinotage kwanza: sheria ya huko inataka angalau asilimia 85 ya kilichomo kiwe zabibu iliyotajwa. Kisha mahali. Ukikuta "Wine of Origin Stellenbosch", zabibu zote zimetoka Stellenbosch. Ukikuta "Western Cape", zimekusanywa mkoa mzima, na mara nyingi bei inakuambia hivyo kabla yako. Utaratibu huo upo tangu 1973. Swartland hutoa zenye mwili, yaani uzito mdomoni, na jua ndani yake. Stellenbosch, hasa upande wa Bottelary na miteremko ya mlima Simonsberg, huwa na mpangilio zaidi.

Neno "bush vine" maana yake mizabibu imesimama yenyewe kama vichaka, bila kufungwa kwenye waya. Mingi ya namna hiyo ni ya zamani, inazaa kidogo, na kidogo hicho kina ladha iliyokolea. Nikikuta chupa mbili za bei moja, na moja imeandikwa hivyo, naichukua hiyo.

"Cape Blend" ni mchanganyiko ambao Pinotage imo kwa sehemu kubwa, lakini imechanganywa na wenzake kama Cabernet au Merlot. Kwa mgeni anayeiogopa Pinotage, ndiyo njia ya kumwingiza bila kumshtua.

Medali za dhahabu zilizobandikwa, sizisomi. Kizibo cha gome au kifuniko cha kusokota, sijali pia; kwa joto letu cha kusokota kinanipa amani zaidi, maana chupa ikichemka njiani kizibo cha gome huanza kusukumwa nje. Ukikiona kimechomoza au kuna utelezi shingoni, rudisha chupa rafuni.

Nikiiweka miaka kumi itakuwa bora zaidi?

Iko wapi hiyo ya miaka kumi? Kama ni juu ya kabati la sebuleni, itakuwa siki. Pinotage nyingi dukani zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka miwili hadi mitano. Zipo zinazoishi miaka ishirini na kuzidi, toka mashamba yenye mizabibu ya zamani, lakini hizo zinalala gizani, kwa ulalo, mahali penye baridi isiyobadilika, na kwetu mahali hapo pananunuliwa kwa umeme.

Nilijaribu mwenyewe. Chupa sita nilizifungia kwenye sanduku chini ya kitanda, Tabata, nikazisahau miaka minne. Nilipofungua ya kwanza ilikuwa na rangi ya kutu na harufu ya zabibu kavu zilizochemshwa. Ya pili vilevile. Nne zilizobaki nilipikia.

Mbona kichwa kinaniuma kesho yake?

Pinotage ina pombe asilimia 13.5 hadi 14.5 hivi. Glasi ya mililita 150 yenye asilimia 14 ina pombe mililita 21. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Hesabu: glasi ni karibu bia moja kubwa, na chupa ya mililita 750 ni glasi tano. Watu hulaumu "dawa zilizotiwa", yaani salfaiti za kuuhifadhi mvinyo, wakati walikunywa chupa nzima peke yao bila tone la maji na bila chakula. Kila glasi ya mvinyo iandamane na glasi ya maji. Unaendesha, una mimba, unatumia dawa ambazo daktari kakukataza pombe: mimi nauza soda pia.

Ni kweli wafanyakazi wa mashamba yale walilipwa mvinyo?

Ni kweli, na namheshimu anayeuliza. Waliita "dop": mfanyakazi wa shamba, Mweusi au wa wale walioitwa Machotara, alipewa sehemu ya ujira wake kwa vipimo vya mvinyo wa hali ya chini kila siku. Utaratibu ulianza tangu enzi za ukoloni. Sheria iliupiga marufuku miaka ya 1960, lakini mashambani uliendelea kwa miongo mingine. Uliacha ulevi uliorithiwa, pamoja na watoto waliozaliwa na madhara ya pombe waliyokunywa mama zao wakiwa na mimba, na Western Cape inahesabiwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi duniani na jambo hilo.

Siiondoi Pinotage rafuni kwa sababu hiyo. Ila mteja akisema "mvinyo una historia tamu", namsimulia na hii.

Kwa nini ninunue ya Afrika Kusini wakati Dodoma tuna zabibu?

Nunua zote mbili. Dodoma ina jambo ambalo Stellenbosch haina: mavuno mawili kwa mwaka. Kule Cape kuna majira ya baridi, mzabibu unapukutisha majani na kulala, unaamka mara moja. Kwetu haulali, mkulima akiupogoa unachipua tena. Zabibu nyekundu iliyojulikana zaidi ni ile inayoitwa Makutupora, yenye rangi ya kukolea na ukakasi wa wazi, na ukiipoza kama nilivyoeleza hapo juu inabadilika kabisa. Nimewahi kuziweka kaunta glasi mbili bila lebo, ya Dodoma na Pinotage ya bei ya kati. Watu tisa walionja. Wanne walichagua ya Dodoma, na wawili kati yao ndio waliokuwa wakiisema vibaya kabla hawajaonja.

Lazima glasi ile ya shingo ndefu?

Glasi yoyote inayojipinda ndani kidogo mdomoni, ijazwe theluthi. Kikombe cha bati kinaua harufu. Basi.

Imebaki robo chupa, nimwage?

Usimwage. Irudishie kizibo, isimamishe friji, itakaa siku mbili tatu. Ikishapoteza uhai wa kunywewa, ikaribishe jikoni. Kaanga kitunguu hadi kiwe cha rangi ya dhahabu, tia nyama ya ng'ombe yenye mifupa igeuze rangi, kitunguu saumu, tangawizi, kijiti cha mdalasini. Hapo mimina mvinyo, kikombe kimoja, kabla ya nyanya. Sufuria iache wazi dakika kumi, ichemke kwa moto mkali mpaka ile harufu kali ya pombe ikuache na ibaki ya zabibu. Ndipo nyanya, maji kidogo, funika, moto mdogo, saa mbili. Na kama mezani kuna asiyetumia pombe, mwambie kabla hajachota, kwa sababu kuchemka hakuiondoi yote. Mpikie sufuria yake.